Kiti cha Utingo

Lori likitoka bandarini Mombasa kwenda Malaba, au likitoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, ndani yake huwamo watu wawili. Mmoja ni dereva. Wa pili Watanzania humwita utingo, Wakenya humwita tanboi, na kazi yake haina karatasi. Ndiye anayeruka chini lori likiwa bado linatambaa ili aweke kizuizi kwenye tairi. Ndiye anayelala chini ya tela foleni ya mpakani inapokwama, asije mtu akanyonya dizeli. Hukaza turubai, hutafuta chai, na saa nane za usiku humsemesha dereva habari yoyote ile, hata ya ukweni, ilimradi macho ya mzee yasifumbike. Mshahara wake ni mdogo. Pengine hana mshahara kabisa, ana posho tu na ahadi kwamba ipo siku atapewa usukani.

Sasa mchukue dereva huyo umpeleke Marekani. Wapo wengi wa kwetu kule, Wakongo wa Iowa, Wakenya wa Texas na Minnesota, walioanza kwenye viwanda vya nyama na maghala, kisha wakasoma, wakapata leseni ya malori makubwa. Lori analopewa ni jipya. Nyuma ya viti kuna kitanda chenye godoro, kuna friji ndogo, na injini ina nguvu ya kuvuta jumla ya tani 36 bila kulalamika. Usukani uko kushoto, kwa hiyo kiti cha utingo kimehamia kulia. Na kiti hicho ni kitupu. Kitakuwa kitupu leo, kesho na wiki mbili zijazo, kutoka Des Moines hadi Los Angeles na kurudi.

Si kwamba dereva hataki mtu. Sheria ya shirikisho inakataza kubeba mtu yeyote ndani ya lori la kazi bila idhini ya maandishi ya kampuni. Wapo wanaomwombea mke idhini hiyo, lakini mke ana zamu yake hospitalini na watoto wana shule. Sheria hiyo, hata hivyo, inahusu watu tu. Suala la mbwa imewaachia wenye kampuni waamue, na wenye kampuni wengi, wakiwa na shida ya kupata madereva na shida kubwa zaidi ya kuwafanya wadumu, wamesema sawa, njoo naye.

Ndiyo maana ukisimama kwenye kituo cha malori kando ya barabara ya I-80 asubuhi, utawaona wakishuka mmoja baada ya mwingine, mbwa mbele, dereva nyuma, kamba katikati. Kwa Wamarekani si habari. Katika filamu ya Smokey and the Bandit ya mwaka 1977, lori linalokimbiza bia kutoka Texarkana kwenda Atlanta lina dereva na mbwa wake, basset mwenye masikio marefu anayeitwa Fred, na hakuna mtazamaji aliyeuliza mbwa anafanya nini pale. Vituo vingi vya malori sasa vimezungushia uzio viwanja vidogo vya nyasi kwa ajili ya mbwa tu. Kampuni ya Love's inavyo katika vituo vyake vingi.

Najua hapo ulipo umecheka. Mbwa? Alale kitandani na dereva? Kwetu mbwa ni wa nje. Analinda boma, anakula makombo ya ugali, na akijaribu kuvuka kizingiti anakutana na fagio. Mtu mzima anayezungumza na mbwa wake anatafutiwa wazee wa kumshauri. Kicheko hicho nakielewa, lakini nadhani kinalenga pasipo. Tunamtazama mbwa tunasahau kutazama kiti. Yule dereva hakuamka siku moja akapenda mbwa kwa sababu amekuwa Mzungu. Amenyang'anywa utingo, na anatafuta wa kukaa pale.

Turudi kwenye kazi yenyewe, kwani hapo ndipo hoja yangu ilipo. Saa za dereva wa Marekani zinalindwa kweli. Akishaanza kazi ana saa 14, na ndani ya hizo haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11. Akishaendesha saa 8 lazima aache usukani kwa dakika 30. Siku ikiisha, saa 10 mfululizo ni zake. Zamani hayo yaliandikwa kwa kalamu kwenye daftari, na kalamu ina huruma. Tangu Desemba 2017 sheria inadai kifaa cha kielektroniki kinachosoma mwendo kutoka kwenye injini, na kifaa hakihongeki. Utingo wetu angefurahi kuona bosi wake analazwa kwa nguvu namna hiyo.

Lakini angalia jambo moja. Sheria hiyo inamsimamisha dereva; haimshushi. Anaweza kuzima injini, kurudi nyuma hatua moja, akajilaza, akaangalia simu, akala viazi vya kukaanga, akalala, akaamka, akarudi kwenye usukani, na katika saa 24 nzima miguu yake ikawa imekanyaga ardhi mara mbili tu, zote mbili akienda chooni. Mwaka 2010 taasisi ya taifa ya usalama na afya kazini ya Marekani ilifanya uchunguzi wa madereva wa masafa marefu. Asilimia 69 walikuwa na unene wa kupindukia, wakati kwa wafanyakazi wote wa nchi ile ilikuwa asilimia 31. Wavutaji sigara walikuwa asilimia 51 dhidi ya 19. Hao ni watu wanaopumzika kisheria kabisa.

Mbwa haelewi kifaa cha kielektroniki. Anaelewa kibofu chake. Saa kumi na moja alfajiri anaweka pua kwenye shingo ya dereva, na kama haitoshi anaweka mguu. Mvua inanyesha, theluji imeanguka, haimhusu. Lazima mtu avae viatu, ashuke ngazi za kabini, azunguke uwanja mara moja au mbili. Sisemi mbwa ni dawa ya kisukari, wala simwambii mtu aache vidonge vyake. Nasema katika kabini ile yote, pamoja na vipimo vyake vyote na sheria zake zote, mbwa ndiye pekee anayemwambia dereva ashuke. Na akishuka na mbwa, watu humsalimu. Mgeni mwenye lafudhi ya Bukavu anaweza kukaa mwezi mzima kwenye vituo vile bila mtu kumwambia neno. Akiwa na mbwa, mzee wa Nebraska atamsimamisha amuulize ni mbwa wa aina gani, ana umri gani, na yeye mwenyewe ametoka wapi.

Kuna pia suala la ulinzi. Mwaka 2009, huko South Carolina, dereva aliyekuwa akisubiri saa yake ya kushusha mzigo aliegesha katika kituo cha mafuta kilichofungwa zamani, kwa kuwa hakukuwa na pengine, akapigwa risasi na kuibiwa. Aliitwa Jason Rivenburg, na mwaka 2012 bunge lilipitisha kifungu kinachojulikana kwa jina lake, Sheria ya Jason, kuhusu upungufu wa maegesho salama. Upungufu bado upo. Usiku madereva hupanga malori kwenye njia panda na nyuma ya maduka. Mbwa hawezi kumzuia mtu mwenye bastola, tusidanganyane. Anachoweza ni kusikia hatua za mtu wakati dereva amelala, na wezi wengi wakisikia kubweka huenda lori la pili.

Ila mbwa wa kubweka si mbwa wa kung'ata. Mkaguzi wa barabarani atapanda ngazi kuomba hati. Mwenye ghala atanyoosha mkono dirishani kupokea karatasi. Mbwa akimrukia mmojawapo, dereva anaweza kumaliza siku akiwa hana mzigo, hana kazi, na ana barua ya wakili. Kampuni zinalijua hilo, ndiyo maana nyingi huweka kikomo cha uzito, hukataa mbwa wa aina fulani, na hudai amana ya kusafishia kabini, ambayo mara nyingi hairudi. Soma masharti kabla hujampa mbwa jina.

Hapa sasa tufike kwenye gharama ambayo mbwa mwenyewe ndiye huilipa. Ya kwanza ni joto. Nje kukiwa na nyuzi 21, yaani hali ya hewa ya Arusha asubuhi, gari lililofungwa vioo hufika nyuzi 32 kwa dakika 10, na nyuzi 40 kwa nusu saa. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza damu yake kwa kuhema, na akihema hewa ya nyuzi 40 hapozi kitu. Sasa fikiria Phoenix, Arizona, ambako mwaka 2023 joto lilifika nyuzi 43 au zaidi siku 31 mfululizo.

Utasema, si aache injini ikiunguruma na kiyoyozi kikiwaka? California inakataza lori la dizeli kuunguruma bure zaidi ya dakika 5, isipokuwa injini zilizothibitishwa kuwa na moshi mdogo, na majimbo mengine yana vikomo vyao. Malori bora hufungwa injini ndogo ya pembeni au betri za kuendesha kiyoyozi, na dereva mwenye mbwa aulizie mtambo huo kabla ya kuulizia rangi ya lori. Tatizo linalobaki ni ghala. Yapo maghala yanayomtaka dereva azime kila kitu, akabidhi funguo, aingie chumba cha kusubiri, na mbwa haruhusiwi kushuka kwa sababu ndani kuna chakula cha watu. Kushusha mzigo kunaweza kuchukua saa tatu. Utingo angeshuka, akatafuta kivuli, akalalamika. Mbwa anabaki juu. Dereva mwenye akili hupiga simu ghalani siku moja kabla, na akijibiwa vibaya humwambia mpangaji wa mizigo ampe mwingine. Dereva asiye na uwezo wa kukataa mzigo, kwa maoni yangu, asichukue mbwa kwanza. Ajijenge, apate sauti katika kampuni, au anunue lori lake.

Ya pili ni ardhi. Uwanja wa kituo cha malori ni mahali pachafu kuliko panavyoonekana kwa mtu aliye juu ya kabini. Kuna mifupa ya kuku iliyotupwa madirishani. Kuna chupa zenye mkojo, maana si kila dereva anapenda kutembea mpaka chooni. Kibaya zaidi ni maji ya rejeta, yale ya kijani yanayozuia kuganda. Yana utamu. Mbwa huyalamba kwenye kidimbwi chini ya lori, na ndani ya siku chache figo zake zimekwisha. Wakati wa baridi kuna chumvi ya kuyeyushia barafu, inayopasua nyayo. Wakati wa joto lami yenyewe inaunguza. Weka mgongo wa mkono wako pale chini, na kama huwezi kuvumilia, naye hawezi.

Ya tatu ni magonjwa, na hili hata Wamarekani wengi hawalifikirii. Mbwa wa nyumbani anaishi na magonjwa ya mtaa wake. Mbwa wa lori anaishi na magonjwa ya nchi nzima. Jumatatu yuko Louisiana, ambako mbu wanaambukiza minyoo inayokaa ndani ya moyo, na kuitibu ni kazi ya miezi na fedha nyingi, wakati kidonge cha kinga cha kila mwezi ni nafuu. Alhamisi yuko Arizona anafukuafukua vumbi lenye kuvu linaloshambulia mapafu, ugonjwa ambao wenyeji huuita homa ya bonde. Wiki inayofuata ametoka porini Connecticut na kupe sikioni, jimbo lenye mji wa Lyme uliotoa jina la ugonjwa unaoletwa na kupe. Daktari wa mifugo aliyeko nyumbani ukimwambia tu kwamba una mbwa, atampa dawa za mtaani kwake. Mwambie kazi yako. Mwonyeshe ramani.

Kisha kuna chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hati yake inapaswa kukaa pamoja na leseni ya dereva. Mwandishi John Steinbeck aliizunguka Marekani mwaka 1960 kwa pikapu iliyojengewa kibanda nyuma, akiwa na mbwa wake Charley, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1962, mwaka uleule aliopewa Tuzo ya Nobel. Alipofika Niagara akitaka kukatiza Kanada, aliambiwa mpakani kwamba kuingia ataingia, lakini bila hati ya chanjo Charley hatarudi kwao. Akageuza gari. Mambo yamezidi kukaza tangu hapo. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2024, mbwa yeyote anayeingia Marekani, hata aliyekwenda Kanada kushusha mbao na kurudi, sharti awe na umri wa miezi 6 au zaidi, awe na chipu chini ya ngozi, na mwenyewe awe amejaza fomu ya mamlaka ya afya. Madereva wa Toronto na Buffalo wanaonisikia wanalijua hili. Wa Dallas siku akipewa mzigo wa Ontario atalijua kwa kushtukizwa.

Mtu mmoja ameniuliza kuhusu wenzetu Waislamu, na ni swali zito kuliko linavyochukuliwa. Dereva mpya wa Marekani haanzi peke yake. Huwekwa wiki kadhaa na mkufunzi ndani ya lori moja, na mkufunzi anaweza kuwa na mbwa. Kijana wa Lamu au wa Pemba, aliyelelewa katika madhehebu ya Shafii, anajua mate ya mbwa yakigusa nguo au chombo ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Sasa yuko kwenye kabini yenye upana wa mikeka miwili, mbwa amelalia mto wake, na Adhuhuri imeingia. Wafuasi wa Maliki wana kauli nyepesi zaidi juu ya mbwa aliye hai, na mbwa wa ulinzi ana ruhusa yake katika sheria, lakini kumwambia kijana abadili madhehebu kwa sababu ya mkufunzi si jibu. Jibu ni kuuliza siku ya kwanza, ofisini, kwa maandishi: mkufunzi wangu ana mnyama? Hakuna atakayekushangaa. Wengine huuliza hivyohivyo kwa sababu ya pumu.

Upande wa pili wa sarafu yuko anayemhitaji mbwa kwa ugonjwa. Mwaka 2017 tume ya fursa sawa za ajira ya Marekani iliishtaki kampuni moja ya malori iliyomkataa dereva aliyekuwa mwanajeshi. Alikuwa na majeraha ya akili, na mbwa wake alifunzwa kumtuliza na kumwamsha ndoto mbaya zinapomkaba. Kampuni ilisema haina mbwa katika malori yake, basi. Kesi iliisha kwa kampuni kukubali kulipa. Mbwa wa namna hiyo si mnyama wa kufuga kisheria, na kampuni haiwezi kumfungia mlango kwa kusema tu kwamba hairuhusu wanyama. Nalitaja hili kwa sababu tunao watu wetu waliotoka Kivu na Mogadishu na ndoto zao wanazo, wala hawajawahi kumwambia daktari.

Na kama hutaki mbwa wako mwenyewe ila unataka kuonja, wapo madereva wa kujitolea katika mpango wa Operation Roger, ulioanza mwaka 2005 baada ya kimbunga Katrina. Hubeba wanyama wa watu wengine kutoka jimbo moja kwenda jingine, kwenye njia wanayopita na mizigo yao, bila malipo. Siku chache unakuwa na mwenzio kwenye kiti cha kulia, kisha unamkabidhi kwa mwenyewe.

Basi, sasa ni zamu ya anayetaka kuchukua wa kwake. Usichukue mtoto wa mbwa. Anakojoa kila baada ya saa moja au mbili, na lori la tani 36 halisimami kila baada ya saa moja au mbili. Nenda kwenye makazi ya mbwa walioachwa, chagua aliyekomaa, wa miaka mitatu au minne, mtulivu, asiye mkubwa sana kiasi cha kushindwa kubebwa akizeeka, kwani ngazi za kabini ni ndefu na magoti ya mbwa huchoka kabla ya yako. Mfunge mkanda wa kifuani ulioshikiliwa kwenye kiti, au mweke kwenye kizimba kilichofungwa imara, si mapajani. Ukipiga breki ukiwa mwendo wa kilomita 100, mbwa wa kilo 25 asiyefungwa ataendelea na mwendo huohuo mpaka akutane na kioo, au na kichwa chako. Mfundishe kushuka unapomwambia tu, la sivyo ipo siku ataruka mlango ukifunguka, upande wa magari. Na kabla hujasaini chochote, mpe safari moja fupi. Akitapika mara tatu kutoka Des Moines kabla hujaiona Nebraska, mrudishe nyumbani, wapo watoto watamfurahia.